Karte ya kazi si picha ya ndoa

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na baba munaobaki ku nyumba, leo hatusemi juu ya mshahara wala juu ya masaa ya nyongeza. Tunasema juu ya sura ya mtu. Mutatuuliza: sendika na mambo ya studio ya picha, wapi na wapi? Ngojeni kwanza musikie.

Ndugu mmoja wa timu ya asubuhi alifika ku mlango wa mgodi na karte mpya ya kazi. Ile ya zamani ilikuwa imekwaruzika, akaomba ingine, na biro ikamwambia alete picha. Akaenda studio, akavaa shati nyeupe, akalipa falanga zake, akapeleka picha ku biro. Siku ya kwanza ya juma akasimama mbele ya ile mashini inayoangalia uso. Ikawaka nyekundu. Akavua kofia ya kazi, akasimama tena. Nyekundu. Zamu wa mlango akachukua karte, akaangalia picha, akaangalia mtu, akasema: «Yaya, huyu haiko weye. Huyu ni mudogo yako.»

Watu wa mstari walicheka. Yeye hakucheka. Ilimtokea vile siku tatu zikifuatana, na zile siku tatu ziliandikwa kama hakuja kazini. Kwa mtu anayelipa nyumba, unga na masomo ya watoto, siku tatu si mchezo.

Tuseme kidogo namna ile mashini inafanya kazi, sababu wengi wanawaza iko na akili sawa mtu. Haina. Inachukua picha yako iliyowekwa ndani ya ordinatere ya kampuni, inapima umbo la uso: macho yameachana namna gani, pua ina upana gani, taya linashuka namna gani mpaka ku kidevu, na mambo mengine mengi. Yote inayageuza kuwa hesabu. Asubuhi ukisimama mbele yake, inafanya hesabu ingine juu ya uso uliokuja nao, kiisha inalinganisha zile mbili. Zikikaribiana, mlango unafunguka. Zikiachana, taa nyekundu. Haijui kama uko na watoto sita, haijui kama umetumika pale miaka kumi. Basi kama picha iliyo ndani ya ordinatere ilibadilishwa taya na macho, weye mwenyewe njo unakuwa mgeni ku kazi yako.

Siku ya posho tulienda na yule ndugu ku studio. Tulikuwa wawili wa sendika, na tulienda na hasira. Tulikuta chumba kimoja, pazia ya bluu, kiti, taa mbili, ordinatere, na kijana mwenye heshima aliyetuletea viti. Tukamwonyesha karte. Hakuficha kitu. Alisema: «Ba papa, mi sikumuaribia. Nilimupunguzia matama kidogo, nikanyoosha kidevu, nikamufungula macho. Bantu bote banapendaka vile. Hata makuta ya ile kazi sikumuomba.»

Hapo hasira yetu ilipungua. Kijana alimpa mteja wake zawadi. Ila zawadi ile ilimgharimu mteja siku tatu za mshahara.

Tukamwomba atuonyeshe. Akafungua picha ya kwanza, ile isiyoguswa, akaweka pembeni ile ya karte. Ndani ya Photoshop kuko mahali pameandikwa kwa Kifaransa «Fluidité», maana yake picha inageuka kuwa kitu laini cha kusukumwa. Sisi tuliwaza mpira wa ndani wa kinga. Ukichora uso juu ya ule mpira, kiisha ukauvuta upande mmoja, uso unavutika nao. Hakuna kilichofutwa, hakuna kilichobandikwa. Kila kitu kingali pale, lakini hakiko tena mahali pake. Ni vile ile programu inafanya. Inatandika juu ya picha wavu usioonekana, na kila fundo la wavu linaweza kusogezwa.

Vyombo vyake si vingi. Kimoja kinasukuma sawa kidole: unaweka juu ya shavu, unasukuma ndani, shavu linaenda. Cha pili kinanyonya, kinafanya pua kubwa kuwa ndogo. Cha tatu kinavimbisha, njo kile cha kufungua macho. Cha ine ni rangi nyekundu unayopaka mahali usipotaka paguswe, ili ukisukuma taya, sikio lisifuate. Na cha tano kinarudisha vitu pole pole mahali vilipokuwa. Tangu mwaka 2016 programu yenyewe inatafuta uso ndani ya picha, inajua hapa ni jicho, hapa ni mdomo, na fundi anasogeza paka alama kushoto na kuume: uso mwembamba, uso mpana, tabasamu zaidi, tabasamu kidogo. Kijana alitufanyia pale pale juu ya picha ya mmoja wetu. Mbele chai ipoe, delege wetu alikuwa amepunguka miaka kumi na kilo kumi. Tulicheka wote, na mwenye picha alicheka kuliko wote. Kiisha akasema: «Hii usiipeleke ku nyumba, mama atauliza ni nani.»

Kijana alitufundisha vilevile namna ya kutambua picha iliyosukumwa. Usiangalie uso, angalia kilicho nyuma yake. Mtu akisimama mbele ya ukuta wa matofali, na kiuno chake kikasukumwa ndani, mistari ya matofali inapinda pale pembeni ya kiuno. Mlango unapinda, nguzo inapinda, ukingo wa kofia ya kazi unakuwa na wimbi. Nyuma ya pazia ya bluu hakuna mstari wowote, kwa hiyo hakuna kitu cha kusema ukweli. Ni sababu hii picha ya karte ni nyepesi kubadilisha, na ni nguvu kujua kama ilibadilishwa.

Wazee watasema jambo hili si la leo, na wako na haki. Wakati wa filme, mafundi walichonga kalamu ya risasi mpaka inakuwa sawa sindano, wakagusa negatifu, na makunyanzi yakapotea ku karatasi. Lakini kalamu ile ilisafisha ngozi. Kusogeza taya la mtu ilikuwa kazi ngumu sana. Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990, imetengenezwa na wandugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll. Chombo cha kusukuma sura kiliingia ndani yake mwaka 2000, na toleo la 6. Leo kazi ya namna ile iko hata ndani ya telefone. Nyingi zinauzwa na kamera ya mbele iliyowekwa tayari kwa «beauté»: unapiga picha, yenyewe inapunguza taya na kulainisha ngozi, wala haikuulizi. Kwa hiyo wengine kati yetu wako na picha zilizobadilishwa, na hawakuwahi kuingia studio.

Kuko jambo lingine ambalo kijana alitufumbua macho. Watu wengi wanamwomba apunguze pua, na pua yao haina ubaya. Shida ni umbali. Ukipiga picha na mkono wako, telefone iko karibu sana, na kitu kilicho mbele ya uso kinaonekana kikubwa kuliko vilivyo nyuma. Pua inakuwa kubwa, masikio yanakuwa madogo. Mpe mwenzako telefone, arudi nyuma hatua mbili, na pua yako inarudi kama vile mzazi wako alivyokupa. Hapo hakuna cha kusukuma.

Kama jambo lingekuwa la mlango tu, tusingaliandika. Kuko jambo zito zaidi.

Ndugu mwingine aliangukiwa na jiwe ndani ya shimo. Mfupa wa shavu uliingia ndani, jicho la kushoto likashuka. Mke wake alimpiga picha na telefone pale ku kitanda cha hospitali, na alifanya vizuri. Wakati wa kutengeneza dosie ya fidia, alipeleka zile picha ku studio ingine, si ile ya yule kijana, ili zichapwe ku karatasi. Fundi wa pale aliona mwanamke mwenye huzuni na mwanaume aliyeumia uso. Akamhurumia. Akapandisha jicho kidogo, akavimbisha shavu kidogo, akasawazisha pande mbili. Akamrudishia mama picha safi, na mama, kwa uchovu wake, akaziweka ndani ya bahasha bila kuangalia mara mbili.

Ku biro, mtu akatandika picha juu ya meza, pembeni ya ile ya karte ya zamani, akauliza: «Hapa kumebadilika nini?» Karatasi ya daktari ilisema mfupa umevunjika, picha ilisema hakuna neno. Na ninyi munajua: kati ya karatasi yenye maneno magumu na picha ambayo kila mtu anaweza kuona, watu wanaamini picha. Dosie ikarudishwa.

Tulitafuta zile picha za kwanza. Ku telefone ya mama zilikuwa zimefutwa, sababu nafasi ilijaa. Tulizikuta ku studio, ndani ya ordinatere ya fundi, kwa bahati paka, sababu alikuwa hajasafisha. Dosie imepelekwa tena. Mpaka leo yule ndugu anangoja jibu, na jicho lake lingali chini. Hatusemi fundi ni mwizi. Tunasema mkono wake wa huruma ulifuta ushahidi, na mtu aliyeumia hana mali ingine mbele ya mkubwa wa kazi isipokuwa ushahidi.

Ndani ya mikutano yetu wamoja wanasema: basi tupige vita ile programu. Hapana. Msumari unashika mlango wa nyumba, na unatoboa mguu vilevile, hatuulaumu msumari. Hapa Lubumbashi tuko na mfano. Sammy Baloji, mtoto wa mji huu aliyezaliwa mwaka 1978, alichukua picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe za wafanyakazi wa wakati wa Union Minière, akazikata ndani ya ordinatere, akazisimamisha mbele ya picha za rangi za majengo ya Gécamines yaliyochakaa. Zile picha, za mwaka 2006 na zinazoitwa «Mémoire», zimezunguka dunia. Na yeye alibadilisha picha, lakini hakudanganya mtu: ukiangalia, unaona mara moja vitu viwili vya wakati mbili vimewekwa pamoja, na unaanza kuwaza juu ya baba zetu na kilichobaki cha jasho lao. Ubaya unaanza pale picha inabadilishwa na inaletwa kama haikuguswa.

Na nchi zingine zimeona vile. Ufaransa, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, picha ya biashara ambayo mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au umenenepeshwa na programu inapaswa kuandikwa «Photographie retouchée». Norwei ilifuata na sheria yake mwaka 2022, na kule hata ngozi iliyobadilishwa ndani ya tangazo inapaswa kuonyeshwa. Kwa pasipoti jambo ni kali zaidi: kanuni za OACI, shirika la dunia la usafiri wa ndege, hazikubali picha ambayo sura imebadilishwa. Wanajua, mtu wa mpakani ana macho yake tu na ile picha.

Wamama walituomba tuseme neno juu ya wasichana, na tunalisema. Msichana anayezoea kujiona kila siku ndani ya telefone na pua iliyonyonywa na kidevu kilichochongwa, siku moja anaangalia kioo na anaona kosa. Hakuna kosa. Ile pua ni ya baba yake, ile taya ni ya nyanya yake. Hatumkatazi kucheza na picha, hata sisi tulicheka na delege wetu aliyepunguka kilo kumi. Lakini mwambieni: huu ni mchezo, na sura yako ya kweli njo ile tuliyokungojea miezi kenda.

Sasa tuseme juu ya kilio, sababu pale njo mambo yanakuwa magumu kuamua.

Mzee mmoja wetu alikufa nyuma ya kukohoa miaka miwili. Miaka mingi alitumika ndani ya vumbi. Mwisho alikuwa mifupa. Koti lake la ndoa lilikuwa sawa limetundikwa ku mti. Picha ya mwisho aliyopigwa ilimwonyesha vile. Mjane wake alipeleka ile picha ku yule kijana wa pazia ya bluu, akamwambia: «Mwanangu, umurudishe matama. Sipende bantu ba kilio bamuone hivi. Haikuwa vile alikuwa.» Kijana hakuigusa siku ile. Alikuja kutuuliza sisi, juu ya ile habari ya siku tatu.

Tulibishana. Mmoja alisema: yale mashavu yaliyoingia ndani ni kazi njo iliyafanya, tukiyajaza tunawasaidia waliomwacha ndani ya vumbi. Mwingine alisema: mama ameishi naye miaka thelathini, anajua sura yake kuliko sisi wote, na ugonjwa pia ulikuwa umebadilisha ile sura bila kumwomba ruhusa. Wote wawili walikuwa na haki, na kilio hakingoje.

Tulikubaliana hivi. Kijana alijaza mashavu pole pole, akiwa na mama pembeni yake akimwambia hapa zidisha, hapa basi, mpaka mama aliposema: «Njo yeye.» Ile picha ilichapwa kubwa, ikawekwa juu ya meza pembeni ya sanduku, na watu walimuaga mzee wao wanayemjua. Ile ya kwanza, ile ya mifupa, haikuguswa. Ilichapwa ndogo, tarehe ikaandikwa nyuma, ikaingia ndani ya dosie pamoja na karatasi za daktari. Picha ya ukutani ni ya jamaa, nao wana ruhusa. Picha ya dosie ni ya haki, na ile hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuisukuma, hata kwa upendo.

Ni kwa sababu hii tunaomba kila nyumba ya mchimbaji ishike mambo haya.

Ukiingia studio, sema mbele ya kukaa ku kiti picha ni ya nini. Kama ni ya karte ya kazi, ya pasipoti au ya kuchagua, sema wazi: «Usiguse sura.» Mwanga anaweza kurekebisha, pembeni anaweza kukata, macho, pua, mdomo na taya, hapana. Kama ni ya ndoa, afanye vile munapenda, lakini akupe zote mbili, iliyoguswa na isiyoguswa.

Ukipiga na telefone, zima kwanza ile «beauté», na mwenzako asimame hatua mbili mbali nawe.

Mtu akiumia kazini, mpigeni picha siku ile ile, kiisha tena nyuma ya majuma. Mbele, kushoto, kuume. Muweke pembeni ya kidonda rula au falanga ya karatasi, ili ukubwa uonekane. Musitengeneze kitu, hata mwanga. Mumtumie delege siku ile ile, na ku WhatsApp mutume kama dokima, si kama picha ya kawaida, sababu picha ya kawaida inapunguzwa njiani. Na musifute ku telefone mpaka dosie iishe. Mukienda kuchapa, muangalie karatasi mbele ya kutoka studio.

Na kwa wakubwa wa kazi tuko na neno moja. Mashini ya mlangoni ni yenu, hesabu zake ni zenu. Basi picha ya karte mupige ninyi wenyewe, pale pale ku mlango, bila kuomba mfanyakazi falanga. Mtu ambaye mashini imemkataa, lakini timu yake yote na zamu wanamjua, asiandikwe kama hakuja. Zile siku tatu za ndugu yetu tunaendelea kuzidai. Sasa ana karte ingine, na picha ya mashavu yake yote mawili. Asubuhi taa inawaka kijani. Zamu angali anamwita mudogo.